Solomon Linda (1909–1962): Mtunzi wa Mbube na Safari ya Wimbo Wake

1.0 Utangulizi

Nyimbo mbili zinapofanana mahadhi, mjadala aghalabu huanza kwa kupima kiasi cha kufanana. Kazi hiyo si ngumu. Sikio lililozoea muziki huimaliza kwa dakika chache. Lililo gumu ni kubainisha, katika kile kinachofanana, kipi ni mali ya umma na kipi kimetoka kifuani mwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia maisha ya Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu aliyerekodi wimbo uitwao Mbube mwaka 1939. Mahadhi ya wimbo huo yalipata umaarufu mara ya pili Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh, na mara ya tatu mwaka 1961 kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Majina ni matatu, lugha ni mbili, waliodai utunzi ni wengi. Mahadhi ni yale yale.

Wanahistoria wa muziki na wanasheria wamekwisha kuandika mengi juu ya mkasa huu. Mwanaisimu naye ana lake la kusema, kwa sababu pamoja na mahadhi kulisafiri neno, na neno hilo liliharibika njiani. Tunadai hapa kwamba uharibifu huo ndio ushahidi thabiti kuliko wote wa asili ya wimbo, na kwamba ni uharibifu huo huo uliorahisisha kupotea kwa jina la mtunzi.

2.0 Kutoka Msinga hadi Johannesburg

Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika eneo la Msinga, Natal. Msinga ilikuwa sehemu ambayo ardhi yake haikutosha kuwalisha watu waliorundikwa humo, hivyo vijana wake walikua wakijua kwamba siku moja wangekwenda mijini kutafuta kibarua. Alisoma katika shule ya misheni ya Gordon Memorial, na huko akajifunza uimbaji wa kikanisa uliogawanywa katika sauti mbalimbali, pamoja na desturi ya mashindano ya kwaya. Nyumbani alikuwa na uimbaji mwingine, ule wa harusi za Kizulu, ambamo kiongozi hutangulia na kundi huitikia, na mwitikio huanza kabla kauli ya kiongozi haijakwisha, hata sauti zikapandana.

Kulikuwa pia na mkondo wa tatu. Kuanzia mwaka 1890 kundi la waimbaji weusi wa Marekani lililoongozwa na Orpheus McAdoo lilizuru Afrika Kusini, likiimba nyimbo za kiroho za watu waliotoka utumwani. Mtindo wao uliwavutia wasomi wa misheni, ukaigwa, na baada ya kizazi kimoja ukawa umechanganyika na uimbaji wa wenyeji kiasi cha kutoweza kutenganishwa. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Muziki wa Linda wenyewe haukuwa kisiwa, bali ulikopa, na sehemu ya ulichokopa ilitoka ng'ambo ya bahari ile ile ambayo Mbube ulikuja kuivuka miaka 60 baadaye.

Mwaka 1931 Linda alikwenda Johannesburg. Alifanya kazi katika duka la fanicha na kuimba katika kundi lililosimamiwa na jamaa zake wakubwa. Kundi hilo lilipovunjika mwaka 1933 alipata kazi katika hoteli ya Carlton, akaunda kundi jipya la vijana wenziwe waliotoka Pomeroy. Waliitwa Evening Birds. Walivaa suti za sare zenye mistari na kofia, kwa namna ya watu wa mjini hasa, na waliimba katika harusi na katika mashindano ya usiku kucha yaliyofanyika kwenye mabweni ya wafanyakazi. Mpangilio wa sauti zao ulikuwa wa pekee. Linda alishika sauti ya juu kabisa peke yake, wawili wakashika sauti za kati, na watatu wakashika besi. Kwaya nyingi za wakati huo hazikuipa besi uzito wa namna hiyo. Kwa Linda besi ndiyo iliyokuwa msingi, na juu ya msingi huo sauti yake iliruka itakavyo.

3.0 Kilicho cha wote

Hapa yafaa tusimame kidogo tuuangalie mji ambao vijana hao waliuingia. Katika vilabu vya pombe vya mitaa ya Waafrika mjini Johannesburg, miaka ya 1920 na 1930, ulipigwa muziki ulioitwa marabi. Umbo lake lilikuwa sahili. Kordi, yaani fungu la sauti zinazolia kwa pamoja, zilikuwa tatu tu: iliyojengwa juu ya noti ya kwanza ya skeli, iliyojengwa juu ya ya nne, na iliyojengwa juu ya ya tano. Zilipangwa kwa mzunguko: ya kwanza, ya nne, ya kwanza tena, ya tano, kisha mzunguko huanza upya, na upya, hadi wachezaji wachoke. Mzunguko huu uliingia baadaye katika kwela na mbaqanga, na nyimbo zilizojengwa juu yake hazihesabiki. Mbube nao umejengwa juu yake.

Msomaji asiyekuwa mwanamuziki anaweza kuukaribia ukweli huu kupitia ushairi wetu. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika ubeti na mizani 16 katika mshororo, nusu kwa nusu. Muyaka bin Haji alilitumia umbo hilo Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, na Shaaban Robert akalitumia karne moja baadaye. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu aliyewahi kumshitaki Shaaban Robert kwa kumwibia Muyaka mizani. Bahari ni ya wote. Lakini ubeti uliotungwa ndani ya bahari hiyo una mwenyewe, na anayeuchukua neno kwa neno na kuuweka chini ya jina lake anajulikana anaitwaje.

Tofauti hiyo, iliyo wazi kabisa kwetu katika ushairi, imekuwa ikififishwa mara kwa mara katika muziki wa Kiafrika. Kwa kuwa kordi ni za wote, yakadhaniwa mahadhi nayo ni ya wote. Maadamu mtindo ni wa jadi, ikasemwa wimbo nao ni wa jadi. Hili ni kosa la kimantiki kabla ya kuwa kosa la kisheria, na linasikitisha zaidi linapofanywa na watu waliojua vyema kutofautisha umbo na utungo pale mali yao wenyewe ilipohusika.

4.0 Rekodi ya mwaka 1939

Mwaka 1938 Evening Birds walisikilizwa na Griffiths Motsieloa, aliyekuwa akitafuta vipaji kwa niaba ya kampuni ya santuri ya Eric Gallo. Linda mwenyewe alikwishapata au alikuja kupata kazi katika kiwanda cha santuri cha kampuni hiyo, huko Roodepoort. Mwaka uliofuata kundi liliingia studioni. Wimbo ulioitwa Mbube, yaani simba, inasemekana ulitokana na kumbukumbu za utotoni, wakati wavulana wa Msinga walipochunga ng'ombe na kuwafukuza simba waliowanyemelea.

Ulijaribiwa mara tatu. Jaribio la tatu ndilo lililofaulu. Besi zilirudia kiitikio kifupi bila kukoma, ala chache zikifuata chini yake, na Linda akaimba juu yao kwa sauti nyembamba iliyobanwa, mara nyingi bila maneno, akibuni papo hapo. Karibu na mwisho wa rekodi alitoa mfululizo mfupi wa noti ambazo hazikuwamo hapo awali. Alizitoa mara moja tu. Mfululizo huo ndio ambao dunia nzima inauimba leo ikidhani unatoka Marekani.

Kwa mtazamo wetu, sekunde hizo ndizo kiini cha mkasa wote. Mzunguko wa kordi ulikuwa wa marabi. Kuitikiana kulikuwa kwa Kizulu. Kugawa sauti kulitoka misheni. Viondoe vyote hivyo, na hayo mahadhi ya mwisho yanabaki, nayo hayana asili nyingine inayojulikana isipokuwa koo la Solomon Linda siku ile.

Santuri hiyo ilipendwa mno. Inakadiriwa kwamba nakala zipatazo 100,000 ziliuzwa katika miaka ya 1940. Waimbaji wengine waliiga mtindo wake kwa wingi hata neno mbube likaacha kuwa jina la wimbo na kuwa jina la aina nzima ya uimbaji. Baadaye mtindo uliolainika zaidi uliitwa isicathamiya, nomino inayotokana na kitenzi -cathama, kunyata kama paka. Kiambishi chake isi- ni ndugu wa ki- yetu ya ngeli ya 7. Huu ndio mtindo ambao Ladysmith Black Mambazo waliupeleka kote duniani. Kwa hiyo wimbo wa mtu mmoja ulizaa mtindo, kinyume cha dhana kwamba mtindo wa jadi ulizaa wimbo.

Malipo ya Linda kwa haki za wimbo huo yanatajwa kuwa shilingi 10. Mrabaha hakupata.

5.0 Neno lililoharibika

Tuje sasa kwenye neno lenyewe. Katika Kizulu, imbube ni nomino ya ngeli ya 9, ngeli ile ile ya simba, nyoka na ng'ombe wa Kiswahili. Irabu i- ya mwanzo ni kitangulizi ambacho lugha nyingi za Kibantu zinacho na Kiswahili hakina. Nomino ya namna hiyo inapofanywa kiarifa hutanguliwa na y-, ikawa yimbube, yaani ni simba. Ukiongeza kiambishi u- cha nafsi ya pili umoja unapata uyimbube: wewe ni simba. Hii ni sentensi kamili yenye kiima na kiarifa. Kizulu kina u- nyingine, ya nafsi ya tatu, inayotofautiana na hii kwa toni tu, na toni ni jambo ambalo mahadhi huweza kulifunika. Lakini hata tukiichukua hiyo, sentensi inabaki kuwa sentensi.

Mnamo mwisho wa miaka ya 1940 mtafiti wa nyimbo Alan Lomax alimpatia mwimbaji Pete Seeger, wa New York, santuri kadhaa kutoka Afrika, Mbube ukiwamo. Seeger aliuandika wimbo kwa kuusikiliza katika santuri. Hakujua Kizulu. Alichokisikia, na kundi lake la Weavers likakirekodi, ni Wimoweh.

Badiliko hili huchukuliwa kama kichekesho. Likichunguzwa kifonetiki, linaonekana kuwa na utaratibu. Kwanza, y ilipomponyoka msikilizaji, u na i ziligusana, na u mbele ya irabu ikageuka kiyeyusho, kama mu- na -ana zinavyotupa mwana. Hivyo u-yi ikawa wi. Pili, mb ilisikika kama m tu, maana kwa msemaji wa Kiingereza konsonanti hizo mbili haziwezi kuanza silabi moja. Tatu, u ya katikati ilisikika kama o. Nne, b ya pili ikasikika kama w. Hili la mwisho lisimshangaze msomaji, kwani b ya Kizulu katika nafasi hiyo hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, kama itamkwavyo na wenyeji wa Kiswahili katika neno baba, wala haina mlipuko anaoutarajia Mwingereza au Mmarekani. Mwishoni e ilibaki palepale, ikavikwa herufi h kwa desturi ya tahajia ya Kiingereza.

Wahariri wa tenzi zetu za kale, zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu, wanajua faida ya makosa kama haya. Miswada miwili ikiwa na neno sahihi lile lile, hilo halithibitishi lolote juu ya uhusiano wake. Ikiwa na kosa lile lile, basi mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwingine, au yote miwili imetoka katika mswada wa tatu wenye kosa hilo. Kanuni hii inautosha kabisa mkasa wetu. Mahadhi mawili yanaweza, kwa bahati, kufanana bila kukutana. Lakini haiwezekani watu wawili wasiojuana waisikie sentensi moja ya Kizulu na kuikosea kwa namna ile ile, silabi kwa silabi. Kila wimbo wenye wimoweh ndani yake umetoka katika sikio la Seeger, na sikio la Seeger lilikuwa juu ya santuri ya Linda.

Hata hivyo kosa hilo lilikuwa na athari nyingine. Sentensi ina msemaji, na msemaji wa sentensi iliyoimbwa ni mtunzi. Sentensi ilipogeuka kuwa mlio usio na maana, ilianza kusikika kama kelele za kundi lisilo na jina, kitu cha msituni ambacho hakuna aliyekitunga. Wachapishaji walipouita wimbo huo wa jadi, masikio ya wateja wao hayakuona ajabu.

6.0 Simba aliyelala

Wimoweh wa Weavers ulivuma Marekani mwaka 1952. Utunzi wake ulisajiliwa kwa jina la Paul Campbell. Hapakuwa na mtu wa jina hilo. Lilikuwa jina la bandia lililotumiwa na kundi na wachapishaji wake ili kukusanya mapato ya nyimbo walizoziita za jadi. Seeger alieleza baadaye kwamba alipotambua kuwa wimbo ulikuwa na mtunzi, alimpelekea Linda hundi ya dola 1,000 na kuagiza kwamba mrabaha wake upelekwe kwake. Hatuna sababu ya kuutilia shaka moyo wake. Lakini agizo lililoachwa mikononi mwa mashirika ambayo faida yao ilitegemea kutotekelezwa kwake si ulinzi wa kutosha.

Miriam Makeba aliurekodi Mbube mwaka 1960, kwa jina lake na kwa Kizulu chake. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba Makeba ndiye aliyeupeleka mbali wimbo wa Malaika pia, ambao mgogoro wa utunzi wake ni mada inayojitegemea.

Mwaka 1961 kundi la vijana wa New York lililoitwa Tokens liliomba kuurekodi Wimoweh. Watayarishaji Hugo Peretti na Luigi Creatore walimwita George David Weiss autengeneze upya. Weiss alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Aliyachukua yale mahadhi ya mwisho, ambayo Linda aliyatoa mara moja tu, akayafanya wimbo mkuu, akayatungia maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala msituni. Simba haishi katika msitu mnene, bali mbugani. Lakini mtunzi wa Manhattan hakuwa na haja ya ng'ombe wa Msinga. Mwisho wa mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Majina yaliyoandikwa kuwa ya watunzi yalikuwa ya Weiss, Peretti na Creatore.

Mwaka 1962 Henri Salvador aliuimba Ufaransa kwa maneno yanayosema kwamba simba amekufa. Basi simba aliyesifiwa kwa Kizulu alilala kwa Kiingereza na kufa kwa Kifaransa, na mahadhi hayakubadilika.

7.0 Kifo cha Linda na haki za warithi

Solomon Linda alianguka jukwaani mwaka 1959. Figo zake zilikuwa zimeharibika. Alifariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya wimbo uliotokana na sauti yake kushuka kutoka kilele cha orodha za Marekani. Inaripotiwa kwamba akiba yake benki haikufika dola 25. Familia yake iliishi Soweto kwa dhiki, na ilichukua miaka 18 kabla kaburi lake halijawekewa jiwe.

Mjane wake alitia saini hati ya kuhamisha haki mwaka 1983, na mabinti zake wakatia saini nyingine mwaka 1992. Mwaka 1994 wimbo ulitumika katika filamu ya Disney, The Lion King. Filamu hiyo inatuhusu kwa namna ya pekee, maana wahusika wake kadhaa wana majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Waandaaji walitafuta neno la Kiafrika la simba wakalipata kwetu, huku katika filamu hiyo hiyo mkiimbwa wimbo ambao kiitikio chake kilikuwa tayari na neno la Kiafrika la simba, bila yeyote kuweza kulitambua.

Mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha mwaka 2000 uchunguzi mrefu uliofuatilia njia ya fedha za wimbo huo. Kutokana na msukumo uliofuata, mwanasheria Owen Dean aligundua tegemeo katika Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini wakati Linda alipouza haki zake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, haki alizozihamisha mtunzi akiwa hai zilirejea kwa mirathi yake miaka 25 baada ya kifo chake, hata kama mkataba haukusema hivyo. Kwa Linda, mwaka huo ulikuwa 1987. Ni kinaya cha historia kwamba kifungu kilichotungwa kuwalinda warithi wa waandishi wa Uingereza, na kuenezwa na dola ya kikoloni, ndicho kilichowafaa mabinti wa mfanyakazi wa kiwanda cha santuri.

Kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa mwaka 2004 nchini Afrika Kusini, ikidai dola milioni 1.6, na alama za biashara za kampuni hiyo nchini humo zikazuiliwa kama dhamana. Mwezi Februari 2006 warithi walipatana na Abilene Music, kampuni iliyoshika haki za wimbo na kuikodishia Disney. Kiasi cha fedha hakikutangazwa. Ilikubaliwa kwamba warithi walipwe mrabaha kuanzia mwaka 1987, kwamba fedha hizo zisimamiwe na amana, na kwamba The Lion Sleeps Tonight utambulike kuwa umetokana na Mbube, Solomon Linda akitajwa kuwa mmoja wa watunzi wake. Makubaliano hayo hayakugusa matamshi. Kiitikio kimeendelea kuimbwa kama Seeger alivyokisikia.